Likizo ya Entebbe Tuliyokwenda Tukiwa Padri na Sista

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilivuka daraja la mpakani la Ruzizi nikiwa mke wa mtu na mama wa watoto wanne. Saa mbili, chai ya Kamembe haijapoa, nilikuwa sista. Mume wangu, ambaye kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango ili atoke kabla ya matangazo, alikuwa padri. Mimi sikuweka nadhiri yoyote na yeye hakuwekewa mikono na askofu. Kazi yote ilifanywa na wakala wa safari, kwa kompyuta moja, bila kututoza chochote zaidi.

Ninyi mlionisimamisha sokoni, kazini na kwenye foleni ya maji mkiuliza, "Vakansi ilikuwa aje?", nimechoka kuwasimulia vipande vipande. Haya hapa yote, kwa mpangilio wake.

Kwanza, kwa nini tulikwenda. Papa Bahati, ndivyo ninavyomwita mume wangu tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, alipata barua ya kuombwa awe mkuu wa shule moja ya sekondari kule Shabunda. Miaka mitatu. Shabunda mtu hufika kwa ndege ndogo, au kwa pikipiki na sala nyingi. Mimi nahariri na kusoma habari redioni hapa Bukavu, na habari za hapa siwezi kuzisoma nikiwa msituni. Yeye amefundisha hesabu miaka ishirini chini ya wakuu wa shule ambao baadhi yao aliwafundisha yeye. Anataka kwenda? Hataki? Hakusema. Na nyumbani kwetu Bagira hakuna pa kusemea. Mama mkwe yuko sebuleni, watoto wako kila mahali, na jirani aliye nyuma ya ukuta wa mbao hutusaidia kujibu.

Tukakubaliana: tumetimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, hatujawahi kwenda popote wawili tu, twende Entebbe. Hoteli kando ya maji, viti viwili, tuzungumze mpaka tumalize. Tungerudi Jumapili, na jibu la Shabunda lilitakiwa Jumatatu, siku nane baada ya kurudi. Watu walitucheka kwamba tunaacha ziwa ili kwenda kutazama ziwa. Ni kweli. Ila lile halitujui.

Ya Héritier, wakala wetu, sitayasema mengi. Ofisi yake iko Nyawera, nyuma ya saluni ya nywele. Ukutani kuna picha ya ndege, ingawa yeye hauzi ndege, na picha ya hoteli yenye bwawa la maji ya buluu. Amevaa tai. Alituambia, "Maman, munapanda bus, munafika, munapumuzika. Ile ingine yote, mukiachie Héritier." Tukamwachia. Kosa hilo ni letu, sitamsukumia mtu.

Kumbe Héritier hana likizo anazouza. Ana kundi moja tu, la mahujaji, linalokwenda kusali karibu na Kampala. Mahujaji wawili walikuwa wamejitoa: padri aliyeshikwa na malaria, na sista aliyeitwa na mkuu wake. Orodha ya kundi ilikuwa imeshapigwa mihuri, na mihuri, kila mtu anajua, haipatikani kwa kuomba mara moja. Kwa hiyo Héritier alifuta majina mawili, akaandika ya kwetu, na safu ya vyeo akaiacha ilivyo. Siwezi kusema alidanganya. Aliheshimu tu karatasi.

Ruzizi na Kamembe

Afisa wa upande wetu alitazama orodha, akainuka kidogo kitini na kumwambia mume wangu, "Bonjour, mon père." Papa Bahati akadhani anaitwa baba kwa heshima ya mvi. Alifurahi sana.

Ng'ambo walinikagua begi. Mama mkwe alikuwa amenifungia sambaza wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, ndani ya mfuko wa plastiki, na huko mifuko ya plastiki haipiti. Sambaza wakapita, mfuko ukabaki. Nikawafunga ndani ya kitenge changu cha kuvaa Jumamosi, siku yenyewe ya jubilei. Tangu pale mpaka mwisho wa safari, mtu yeyote angeweza kunipata kwa pua.

Basi lilikuwa Kamembe, mji wa kwanza ng'ambo. Mlangoni alisimama mama mmoja mnene mwenye orodha mkononi na rozari shingoni: Maman Régine, mkuu wa kundi. Akaanza kuita. Alipofika kwetu akaita, "Abbé Déogratias!", yaani padri, kisha, "Soeur Clémence!", yaani sista. Watu thelathini wakageuka kututazama kwa upole mkubwa.

"Maman, iko kosa mu liste," nikamwambia. "Miye si soeur. Huyu ni bwana yangu."

Basi lote likatega sikio. Hata dereva alizima redio.

"Bwana yako," Maman Régine akarudia, akilionja neno.

"Ndiyo. Tangu miaka makumi mbili na tano."

"Yesu Maria! Makumi mbili na tano! Na askofu hajue?"

"Askofu atajuaje? Hatujuane naye."

"Ni heri asijue," sauti ya mzee mmoja ikasema kutoka nyuma, na watu wakaziba vinywa.

Papa Bahati akasimama, akatumia sauti yake ya darasani. "Bandugu, miye ni mwalimu ya mathématiques."

"Mapadri bengi banafundisha, mon père," yule mzee akamfariji. "Haiko zambi."

Ndipo nilipoelewa hali yetu. Kila tulipozidi kusema kweli, ndivyo tulivyozidi kuwa padri na sista waliotoroka pamoja, tena wasio na haya. Nikampigia Héritier simu.

"Iko détail kamoja tu, maman," akasema. Nilisikia mashine ya kukaushia nywele nyuma yake. "Mukikosoa liste pale, groupe muzima banarudi. Munataka batu makumi tatu barudie nyumbani juu ya kaneno kamoja?"

Hatukutaka. Maman Régine akatupangia viti: padri mbele kabisa kando ya dereva, sista nyuma kabisa kati ya mama wawili. Mmoja wao, Maman Furaha wa Walungu, alinishika mkono na kuniambia kwa huruma, "Soeur, miye niko hapa. Hautaanguka."

Msitu wa Nyungwe

Dereva alikuwa ameanza safari na rumba. Alipoona padri amekaa kando yake, alibadilisha na kuweka nyimbo za misa, nazo ziliimba mpaka Kigali, kanda moja, pande zote mbili, tena na tena. Papa Bahati ndiye mpenda rumba nyumbani kwetu. Niliona kisogo chake kikivumilia.

Katikati ya msitu tukakuta mti umeanguka barabarani baada ya mvua. Tulisubiri saa tatu. Watu wakatoa vyakula: mihogo ya kuchemsha, mayai, ndizi, na mimi sambaza wangu ndani ya kitenge. Nyumbani mume wangu hujimenyea viazi mwenyewe, kwa sababu mimi, anasema, namenya pamoja na nyama ya kiazi. Pale barabarani mama watatu walimmenyea mayai, wakamchagulia muhogo usio na nyuzi, na mmoja akamshikia kikombe. Alinitafuta kwa macho. Sikuona dalili kubwa ya mateso.

Mimi nilipewa kazi: kuongoza rozari. Sala nazijua, lakini sauti niliyo nayo ni moja, ya redio. Nikatangaza kila fumbo kama habari kuu, nikipumzika mahali pale pale ninapopumzika kabla ya hali ya hewa. Ilipokwisha Maman Régine alitikisa kichwa. "Huyu soeur," akawaambia wenzake, "zambi iko nayo, lakini anasali muzuri. Unasikia kila neno."

Kigali

Tulifika jioni. Wanaume walipelekwa nyumba moja, wanawake nyingine, na mimi, kwa heshima, nilipelekwa kwa masista. Masista wa kweli. Walinipa maji ya moto ya kuoga, maharage na viazi, na hawakuuliza kwa nini nanukia samaki. Sista mzee aliyekaa mkabala nami aliuliza natoka shirika gani.

"Natoka Bagira," nikajibu, na hilo ni kweli.

Akatazama kidole changu. "Pete nzuri. Nadhiri za milele?"

"Za milele, sista."

"Ni ngumu?"

"Kuna siku."

Akacheka na kuniongezea maharage. Katika watu wote wa safari hii, huyo ndiye niliyezungumza naye ndoa yangu kwa urefu zaidi.

Katuna

Kwenye mpaka wa Uganda tulipanga foleni asubuhi nzima, wanaume mstari mmoja, wanawake mwingine, hatua mbili katikati. Papa Bahati alikuwa mbele yangu kidogo upande wa pili. Nikafikiri, tuongelee hapa hapa, Shabunda ndiyo au hapana, kabla muhuri haujatufikia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo pale yule mzee wa basi aliposogea karibu yake. Anaitwa Mzee Birindwa, mtu wa kisiwa cha Idjwi.

"Mon père, niko na swali."

"Muzee, nilisema miye si padri."

"Nilisikia. Lakini maskio uko nayo?"

"Niko nayo."

"Basi." Mzee akashusha kifurushi chake chini. "Naishi kwa mutoto yangu mwanaume, kule Cimpunda. Nyumba juu ya nyumba. Nikikohoa, jirani anasema pole. Shamba yangu ya Idjwi iko, kahawa iko, nyumba iko. Nataka kurudia. Bibi yangu anakataa, anasema hawezi kuacha bajukuu. Tunagombana mwaka muzima. Nifanye nini?"

Papa Bahati alimkazia mzee macho. Nayajua macho hayo. Ndiyo anayokuwa nayo mbele ya ubao, chaki mkononi, jibu akiwa nalo tayari lakini anaangalia njia.

"Enda, muzee," akasema. "Enda hata kama anabakia. Mutu akingojea nyumba yote ikubali, anazeeka mu sebule ya batu bengine, akilaumu kila mutu."

"Na bibi?"

"Bibi atakuja, ao hatakuja. Lakini atajua pahali uko."

Alisema hivyo bila kugeuka. Sidhani alijua niko hatua mbili nyuma yake. Wiki sita tangu barua ya Shabunda ifike nilikuwa nimemuuliza kila namna, kwa upole, kwa hasira, kwa kumpikia sombe anayoipenda. Jibu akampa mtu waliyejuana siku moja, kwenye foleni, kwa kuwa yule alimwita padri. Nikatoka mstarini kumfuata. Maman Furaha akanidaka kiwiko.

"Soeur," akaninong'oneza, "kaza roho. Tumefika karibu."

Kabale hadi Kampala

Ya Uganda nitasema machache, kwa sababu nilikuwa natazama dirishani bila kuona. Milima ilipungua. Mahali fulani tulinunua ndizi za kuchoma na nyama ya vijiti kupitia dirishani, wauzaji wakikimbia kando ya basi na kutupa bei kwa lugha tatu, hakuna hata moja iliyofanana na Kiswahili chetu. Mahali pengine dereva alisimama ili tuone mstari wa ikweta. Maman Régine aliuliza kama umebarikiwa. Dereva akasema hajui. Papa Bahati akaombwa aubariki kwa tahadhari, akakataa, na watu wakausifu unyenyekevu wake mpaka Masaka.

Mimi nilikuwa nahesabu maneno yake. "Enda hata kama anabakia." Hakusema jina langu, ni kweli. Lakini mtu hawezi kumpa mwenzake jibu lililo tayari namna ile kama hajaliishi.

Kwenye kituo cha mahujaji

Hapa ndipo upadri wa mume wangu ulipokwisha. Padri mwenyeji, mtu mrefu mcheshi aliyeishi zamani Bukavu na anayezungumza Kiswahili chetu vizuri kuliko mimi, alimkaribisha kama ndugu na kumwomba aongoze misa ya asubuhi. Papa Bahati alimvuta pembeni. Sikusikia walichosema, lakini nilimwona yule padri akishika mti kwanza, kisha akikaa chini.

Wakati wa chakula alisimama mbele ya kundi, macho bado yana machozi ya kicheko. "Bapelerins, hawa wawili ni bwana na bibi. Nimeuliza, nimepiga simu parokia yao. Ni bwana na bibi ya kanisa kabisa."

Maman Régine alitoa orodha kwenye mkoba, akaisoma upya toka juu mpaka chini.

"Liste inasema Abbé," akasema.

"Liste imekosa, maman."

Akaikunja. Hakuomba msamaha, lakini jioni ile ndiye aliyeninyang'anya kitenge changu na kukifua mara tatu. Maman Furaha aliona haya, akaendelea kunishika mkono kwa sababu alishazoea.

Ukweli ulipojulikana nilidhani sasa tutakaa pamoja. Hapana. Bweni la wanaume liko upande wa juu wa kituo, la wanawake upande wa chini, na sheria hiyo ni ya mahujaji wote, waliooana na wasiooana. Kutwa nzima kulikuwa na misa, maandamano, misa. Nilimwona mume wangu kwa mbali siku tatu, kama mtu anavyoona kilele cha mlima.

Entebbe

Jumamosi, siku ya jubilei yetu, basi lilitupeleka Entebbe. Nikamwuliza Maman Régine habari ya hoteli. Akanionyesha programu aliyopewa na Héritier: "Mapumziko kando ya maji, mbele ya hoteli." Hoteli ilikuwepo. Bwawa la buluu pia, na ukuta, na mlinzi. Sisi tulikuwa mbele yake, upande wa nje. Dereva alitupa dakika arobaini.

Lakini viti viwili vya plastiki nilivipata. Nikavibeba mpaka karibu na maji, nikamwita Papa Bahati, tukakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa kando kwa kando tangu Ruzizi.

"Maji ni maji," akasema.

"Papa Bahati, tuzungumuze sasa."

"Ndiyo. Tuzungumuze."

Akanigeukia kabisa, na uso wake ulikuwa tayari. Ndipo nikasikia makofi nyuma yetu. Kundi zima lilikuwa linakuja kwa mstari, Maman Régine mbele akiwa na keki aliyoinunua sijui wapi. Walikuwa wameona haya juu yetu siku hizo zote, wakaamua kutulipa kwa mara moja. Waliimba kwa Kiswahili, wakaimba kwa Mashi, walitufanya tulishane keki, wakatufanya tulishane tena kwa sababu simu ya Mzee Birindwa haikupiga picha vizuri. Walitupenda dakika thelathini na tano. Zilizobaki tulikunja viti.

Kurudi

Tulirudi kwa njia ile ile, mimi na mume wangu tukiwa kiti kimoja safari hii, huku Maman Régine ameketi mbele yetu amegeuka nyuma, akitupa mashauri ya ndoa toka Mbarara mpaka Kigali, na toka Kigali mpaka Kamembe. Ana mengi.

Ruzizi, Jumapili, wakati wa kuagana, Mzee Birindwa alinishika mkono. "Ijumaa inayokuja naenda Idjwi. Bwana yako alinifungua macho."

"Lakini muzee, unajua sasa si padri."

"Padri ao mwalimu, jibu ni jibu."

"Na bibi yako?"

"Nitamuambia Alhamisi."

Jumanne nilipita kwa Héritier. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, tai imenyooka, kisha akauliza, "Maman, mulienda? Mulifika? Mulirudia bazima?" Nikasema ndiyo. "Basi," akasema, na akaniomba picha ya keki, aiweke ukutani kando ya ndege. Nasikia ameshaipata kwa mtu mwingine. Mkipita Nyawera mtatuona tukilishana. Chini yake ameandika "Wateja wetu Entebbe". Hilo nalo ni kweli.

Jana jioni niliomba mama mkwe aende kwa dada yake, watoto nikawapa kazi, na jirani alikuwa msibani. Tukakaa jikoni, mimi na Papa Bahati, tukichambua lengalenga.

"Nilisikia yote ulimuambia Muzee Birindwa pale Katuna," nikasema.

Mikono yake ikasimama. Kisha akaendelea kuchambua. "Nilimuambia ile alikuwa anataka kusikia. Alishafunga mizigo mu kichwa yake mbele ya kuniuliza. Ulikuwa unataka nimukatalie?"

"Kwa hiyo ile jibu haikuwa ya kwako."

"Sikusema vile."

"Basi ya kwako ni gani?"

Akaweka majani chini na kunitazama, bila hasira, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyefika karibu. "Miezi miwili unaniuliza miye nataka nini, Maman Bahati. Wewe haujasema mara moja unataka nini. Unanisomea tu hatari za barabara ya Shabunda, kama mu redio. Nikienda, unakuja? Nikibakia, hautanilaumu kuona nazeeka hapa? Ambia miye kwanza."

Nimesoma habari za saa moja miaka kumi na minne bila kukwama. Jana nilikwama. Nikaosha lengalenga mara mbili, nikaweka chungu motoni, na alipokula hakurudia swali.

Leo ni Ijumaa. Wakubwa wa shule wanataka jibu Jumatatu kabla ya saa sita. Barua haijaandikwa, na anayesubiriwa ni mimi.